Mwavuli Uliookotwa Kabla ya Kupotea

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Hili sijamwambia mtu, hata padre kwenye kitubio: nikimwona askari polisi, sauti yangu huondoka. Sisemi inatetemeka. Inaondoka! Leo nimemwamkia Koplo Albano wa kituo chetu kipya, kilichotoka ni upepo. Akaniuliza kama nina pumu.

Na mie ndiye ninayetaka kuwa karani wa kituo.

Alasiri palikuwa na baraza hapa Temeke. Bwana Inspekta, Mzungu mwenye magoti mekundu, alikuja kutueleza polisi ni kitu gani. Akachora ngazi ubaoni: Kamishna juu kabisa, halafu wakubwa wengine, halafu Inspekta, Sajini, Koplo, askari. Chini kabisa akaandika raia. Mama mmoja akauliza mbona sie ndio tumewabeba wote hao. Kicheko! Inspekta akasema Kiingereza kwa muda wa kuivisha maharage: polisi hawapo kwa kukamata tu, wapo kulinda watu, kupatanisha majirani, kurudisha vilivyopotea. Koplo akatafsiri: mkiokota kitu, leteni. Basi! Nilielewa kila neno, maana darasa la nane nimemaliza. Nikanyamaza.

Ndiyo sababu wanataka karani wa lugha mbili. Atachaguliwa Jumamosi, kijana anayejulikana kituoni kwa uaminifu. Didas, niliyekaa naye dawati moja, akanyoosha mkono na kumwuliza Inspekta swali kwa Kiingereza. Swali la kipumbavu. Lakini kwa sauti!

Mie nitajulikana kwa vitendo. Nitaokota.

Jumanne, 4 Agosti

Nimezunguka mpaka Chang'ombe nimeinamisha kichwa. Mapato: kifungo kimoja na mfupa. Watu wa huku hawapotezi kitu! Wabahili hata wa kupoteza.

Saa nane nikaamua kuwasaidia. Mchi wa Mama Felicitas, jirani yetu, ulikuwa umeegemea ukuta. Peke yake. Ukiutazama vizuri, ulikuwa karibu kupotea.

Kwa kuwa sauti yangu si ya kutegemewa, niliandika maelezo nyumbani kabisa: kitu gani, wapi, saa ngapi, nani kaokota. Kiswahili juu, Kiingereza chini. Koplo akanakili yote kwenye Kitabu cha Vilivyookotwa, ulimi nje. Mchi ndio mali ya kwanza ya kitabu hicho! Mama Felicitas kaja analia, kaondoka anacheka, kaniombea baraka. Roho iliniuma mpaka kwenye kona. Baada ya kona ikatulia.

Jumatano, 5 Agosti

Beseni la fundi cherehani. Kengele ya baiskeli ya katekista. Jogoo (kanidonoa; hilo sikuliandika).

Koplo kasema nina macho ya kipanga. Mbele ya Didas! Didas akasema macho ya kipanga, ndiyo, lakini mdomo wa kambale. Askari wakacheka. Nilipata jibu zuri sana baadaye, nikiwa nala ugali.

Alhamisi, 6 Agosti

Mambo yamekuwa makubwa. Bombani hakuna habari nyingine: Temeke imeingiliwa na mwizi. Wanawake wanafunga sufuria kwa kamba. Inspekta kasoma kitabu, kashtuka, kaleta askari wawili zaidi wa doria. Ngazi nzima inatikisika kwa ajili yangu!

Nilitaka kuacha. Wallahi nilitaka, ingawa mie Mkristo. Lakini Mama kasema Didas jana alimbebea Koplo maji. Mnafiki!

Kesho Inspekta anakuja kukagua. Nahitaji kitu cha heshima. Bwana Haiderali, mwenye duka la pembeni, ana mwavuli mweusi wa mpini wa pembe. Jua au mvua, anao. Akiwa dukani huusimamisha mlangoni. Maelezo nimeshaandika leo kwa mwandiko wangu wa sikukuu: mwavuli umeokotwa Ijumaa, njia ya Chang'ombe, saa tatu kamili asubuhi. Hivyo ndivyo karani hodari afanyavyo. Anaitangulia kazi.

Ijumaa, 7 Agosti

Saa tatu mwavuli haukuwepo mlangoni. Wala Haiderali. Nikangoja nyuma ya magunia, mchwa wananila. Karibu saa nne akarudi, akausimamisha, akaingia ndani. Nikauokota.

Kituoni, Inspekta mwenyewe yuko mezani! Nikatoa karatasi. Akaisoma upande wa Kiingereza, akasema mwandiko mzuri sana. Nilikuwa karani kwa dakika nne hivi.

Kisha akaingia Haiderali, jasho linamtiririka. Koplo akamtuliza: Bwana, mwavuli wako huu hapa, umeokotwa njia ya Chang'ombe saa tatu kamili. Haiderali akautazama mwavuli. Akamtazama Koplo. Akauliza, saa tatu kamili mie nilikuwa wapi, Koplo?

Koplo akafikiri. Nilimwona anafikiri. Saa tatu kamili Haiderali alikuwa hapo hapo kituoni, kwenye benchi, amekuja kuulizia huyu mwizi wa Temeke, chai ya Koplo mkononi, mwavuli katikati ya magoti.

Inspekta akaomba atafsiriwe. Hakuna aliyetaka.

Wakafungua kitabu. Kila mstari jina langu: Leodegar, Leodegar, Leodegar. Hata jogoo.

Koplo akanitembeza nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Sauti ilikuwa imeondoka, kwa hiyo nikaandika karatasi za radhi, lugha mbili. Mama Felicitas hajui kusoma. Ikabidi Koplo amsomee: mimi niliyekuibia mchi nakuangukia miguuni. Majirani wakadhani ni yeye. Ilichukua muda kuwatoa mawe mikononi. Mama Felicitas hakunitukana. Aliuliza tu: mwanangu, ulishindwa kuniomba? Hilo limeniuma kuliko jogoo.

Jumamosi, 8 Agosti

Didas.

Kakabidhiwa kalamu mbele ya watu wote. Kwa majaribio ya wiki mbili. Akishindwa, atatafutwa mwingine. Baba hakunigombeza. Alikula, akanawa, akasema heri angezaa kipofu, asingeokota kitu.

Kabla ya kuondoka Inspekta alisema, na Didas akatafsiri (yote, mshenzi yule), kwamba kazi wanayoipenda polisi kuliko zote ni kumrudisha mtoto aliyepotea kwa mama yake. Kituo chetu bado hakijabahatika.

Nimeapa: sitagusa tena kitu cha jirani. Nimetia sahihi.

Jumapili, 9 Agosti

Kiapo kinasema kitu cha jirani. Nimekisoma mara mbili. Avelina ni mdogo wangu wa tumbo moja, ana miaka minne, tena si kitu, ni mtu. Sijavunja kiapo.

Tangu tutoke misa yuko chini ya kitanda changu na miwa mitatu. Nimemwambia ni mchezo. Maelezo tayari: mtoto wa kike, ameokotwa njia ya Chamazi, analia (atalia, nitamfinya). Ila safari hii mahali pa saa nimepaacha wazi! Mtu hujifunza kwa makosa yake. Didas na kalamu yake atalazimika kuniandika kwa mkono wake mwenyewe. Wiki mbili hamalizi.

Mama anamwita uani. Mara ya tano sasa. Sauti yake si nzuri. Bado kidogo; mtoto hajapotea vya kutosha.

Kanyamaza. Kaenda wapi?

Mlango wa mbele. Makubazi ya Mama. Na buti. Na nyuma ya buti, kwa ufasaha kabisa, Didas anauliza mtoto alionekana mara ya mwisho saa ngapi.

Avelina kachungulia kutoka uvunguni na kuuliza kwa sauti ambayo mie sikujaliwa: Kaka, muwa umekwisha, nipotee tena?

Buti zimesimama. Zinageuka huku. Nauficha ukurasa huu, haraka, chini ya