Mbeba Ndizi wa Daraja la Zamani

Jumatatu, 8 Septemba

Siku ya tano bila mteja! Mtaa mzima wa Kanyosha unavuka daraja la zamani kwenda kula sambusa za shemeji Moubarak. Kwenye kibanda changu cha chapati, upande huu, nzi tu. Mke wangu Khadidja amesema ikifika Jumamosi hali ni hii hii, nifunge, nikaoshe vikombe kwa kaka yake. Mimi! Vikombe vya Moubarak!

Jumanne, 9 Septemba

Wazo limenijia nikikanda unga. Mama Consolate, jirani, amekuja kuomba makaa ya moto. Nimemnong'oneza kwamba wakati wa Wabelgiji mbeba ndizi alitumbukia mtoni na baiskeli yake. Hadi leo anavuka mchana kweupe. Haonekani, ila ukisikia kengele yake ukiwa darajani, tumbo linavimba wiki nzima. Nimemwapisha asimwambie mtu. Ameondoka mbio, makaa kayasahau.

Jumatano, 10 Septemba

Havuki mtu! Benchi limejaa, wengine wanakula wamesimama. Moubarak yuko ng'ambo peke yake na beseni lake. Nimempungia mkono.

Saa kumi nimesikia kengele nyuma yangu. Nimeruka, chai yote chini! Kisha nikakumbuka mzimu nimeutunga mwenyewe. Hata hivyo tumbo nimelishika kidogo.

Alhamisi, 11 Septemba

Bahati juu ya bahati! Irène, mlokole wa mtaani, amekuja na kundi lake la maombi kuufukuza mzimu. Watu arobaini! Wanaimba, wanaruka, jasho linawatoka. Watu wa namna hiyo lazima wale. Nimekanda unga wote wa nyumbani, chapati mia mbili. Nikawapelekea sinia. Irène amenishukuru kwa upole, akasema wamefunga siku tatu. Na wateja wangu wameona haya kutafuna mbele yao.

Nyumbani tumekula chapati kwa chapati. Khadidja ananihesabia siku hadi Jumamosi.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimetoka msikitini nikakuta vigelegele. Irène ametangaza kwamba mzimu umeshindwa, umehama darajani. Umekimbilia wapi? Chini ya benchi langu! Wateja wote wamevuka kwa Moubarak, tena mbio.

Nimepanda juu ya benchi nikaungama: hakuna mzimu, niliutunga mimi, wallahi! Mama Consolate akapiga kelele: "Apana, si yeye anasema! Ni ile kitu iko ndani yake!" Kengele ameisikia mara mbili, anasema, na tumbo bado limevimba. Nimemwagiwa ndoo ya maji, eti mzimu unitoke.

Jumamosi, 13 Septemba

Asubuhi, kazi za pamoja za mtaa. Mfereji wameuacha, wamebomoa kibanda changu. Kwa huruma! Wengine walikuwa wanalia.

Mchana nimeosha vikombe. Moubarak ameniita "kijana" mbele ya watu, nami nimemzidi miaka minne. Imeniuma sana.

Ila nyuma ya kibanda chake kuna kisima cha zamani! Nimeona kosa langu lilikuwa wapi: mzimu mmoja hautoshi. Kisimani nimeweka wawili, mtu na shemeji yake.