Futi Isiyo na Kichwa

Jumatatu, 4 Agosti

Nikifunga duka siku moja tu, nusu ya mji huu itatoka nje na mashuka. Si majigambo, ni hesabu. Suruali zote za maana zimepita chini ya sindano yangu, na wapo wakubwa (siwataji) ambao hawathubutu kuinama bila idhini ya mishono yangu. Ndiyo maana juu ya mlango pameandikwa MFALME WA SINDANO. Niliandika mwenyewe. Herufi za mwisho zilikosa nafasi kwenye ubao, zikahamia ukutani. Lakini zinasomeka.

Leo mfalme kapatwa na jambo dogo. Nimelala kwenye cherehani. Si uvivu! Macho yalijifumba, miguu ikaendelea kukanyaga. Nilipozinduka, mkono wa shati langu ulikuwa umeshonwa kwenye suruali ya Mwalimu Mkuu, na Mwalimu Mkuu mwenyewe yuko mbele yangu anaisubiri. Nikamwambia ni huduma mpya, fundi anaisindikiza suruali mpaka nyumbani. Hakucheka. Watu waliosoma sana meno yao huwa mazito.

Mke wangu akanikokota hadi zahanati. Daktari, kijana ambaye hata ndevu hazijamwamini, akasema mwili umechoka na akili imechoka. Mke wangu akamwambia mwili sawa, ila akili itachokaje na haijawahi kutumika? Wakacheka wote wawili. Mimi nikatazama dari. Hukumu ikatoka: nipumzike wiki nzima, nisipokee kazi mpya, nijifunze kusema hapana.

Neno "hapana" silijui. Niliacha shule kabla hatujalifikia.

Na wiki yenyewe ndiyo hii! Jumamosi anaolewa mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa. Gauni lake na magauni ya wapambe watatu yako kwangu tangu mvua zilizopita. Dada alitaka kazi ampe Overloki, yule fundi wa ng'ambo ya barabara. (Jina lake la kweli lilikufa siku aliponunua mashine ya overloki, ile ya kufunga kingo za kitambaa. Anavyotembea, ungedhani kanunua reli.) Mpwa wangu ndiye aliyekataa. Akasema atavaa kazi ya mkono wa mjomba wake au hataolewa. Chozi lilinitoka. Kisha nikakikata kitambaa papo hapo, mbele ya macho yao. Hiyo ndiyo siri ya ufundi: kitambaa kikishakatwa, mteja ni wako. Hawezi kukimbilia kwa mwingine na vipande. Vitambaa vyote humu dukani nimeshavikata.

Kushona ni habari nyingine.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango! Nitapumzika, ila kwa siri. Overloki akinusa kwamba naumwa, nimekwisha. Yeye jua likianza kulegea anafunga duka na kutundika kibao: NIMEJAA, NJOO WIKI IJAYO. Mtu anaifukuza riziki kwa maandishi!

Asubuhi nikaliketisha sanamu la dukani kwenye cherehani, mgongo likaupa barabara. Nikalivika kofia yangu, miwani yangu na koti langu. Mimi nikajilaza chini ya meza ya kukatia, juu ya vitambaa vya watu. Raha.

Mara akapita Mama Mboga na beseni lake, akasalimia. Sanamu kimya. Akasalimia tena, safari hii kwa sauti ya sokoni. Kimya. Nikamsikia akitangaza kwamba huyu siku hizi kapata, salamu zetu hazimfikii tena. Sawa. Bora niitwe mwenye maringo kuliko mgonjwa.

Lakini maneno hayana breki. Mwingine akasema jamani, mtu hajasogea tangu asubuhi, huyu kapooza. Watu wakajaa mlangoni. Badala ya kuniombea, wakaanza kubishana nani achukue kitambaa chake kwanza. Huo ndio upendo wa majirani. Overloki naye akavuka barabara, akaingia taratibu kama mtu anayeingia msibani, akalishika sanamu mkono ili anipe pole.

Mkono ukatoka.

Mama Mboga akapiga yowe. Beseni likaenda huku, nyanya zikaenda kule. Nikachomoza kutoka chini ya meza, masharubu yamejaa nyuzi, nikawaambia watulie, niko mzima kabisa. Hapo ndipo hata wale majasiri waliokuwa wamebaki walipokimbia. Overloki peke yake alisimama, mkono wangu wa plastiki mkononi. Akaniuliza auweke wapi.

Kupumzika kunachosha sana.

Jumatano, 6 Agosti

Matajiri wote hugawa kazi. Leo nami nimegawa. Nimebaki kitandani, mke wangu nimemtuma dukani awapime upya bibi harusi na wapambe wake, maana bibi harusi kapungua kwa mawazo.

Nieleze kidogo habari ya futi yangu ya kupimia. Haina kichwa. Zamani ililaliwa na pasi ya moto, inchi tatu za mwanzo zikateketea. Kwa hiyo inaanzia tatu. Fundi wa kawaida angenunua nyingine. Mimi? Nikishapima, natoa tatu kichwani, basi. Haraka kama umeme. Tena ni ulinzi: mwizi akiiba futi yangu, ameiba uongo mtupu. Siri hii sijamwambia binadamu yeyote.

Mke wangu akarudi na vipimo kwenye karatasi. Nikamshukuru, nikageukia ukutani ili asinione, nikatoa tatu kila mahali. Kazi safi.

Simu nayo haikulala. Mwenyekiti wa kwaya, anataka sare. Nikasema ndiyo. Kinyozi, anataka makoti ya kazi. Ndiyo. Kisha mtu aliyekosea namba, anamtafuta fundi bomba. Nikamuuliza linavujia wapi.

Mke wangu akaninyang'anya simu, akaizika kwenye ndoo ya unga. Ilipolia tena ikatoa vumbi.

Alhamisi, 7 Agosti

Mfalme karudi kwenye kiti chake! Nimeshona kama tufani. Mikono inatetemeka, lakini naona inaisaidia sindano kwenda mbio. Moyo nao unadunda hata nikiwa nimekaa. Ni nguvu zimezidi.

Wateja wamekuja kama siafu. Kila mmoja nimemwambia la kwake limebaki vifungo tu. Hata yule aliyeleta mapazia nimemwambia yamebaki vifungo. Akaondoka, akasimama nje, akafikiri, akaendelea na safari.

Mchana Overloki akaja. Akaniambia, kwa sauti ya chini, ndugu yangu wewe umezidiwa, nami niliwahi kuanguka hivyohivyo juu ya mashine, kile kibao changu si maringo, ni dawa. Akaomba anishonee magauni ya wapambe, bure, kazi ya ujirani. Bure! Nani kakuomba? Mtu akikusaidia kubeba, keshajua uzito wa mzigo wako. Nikamjibu kwamba simba hasaidiwi kutafuna. Akaangalia vidole vyangu, akaaga.

Baada yake akaingia mpwa wangu na chupa ya chai. Akanimiminia mwenyewe, kwa sababu kikombe kilikuwa kinanicheza mkononi. Akasema mjomba, ukizidiwa niambie tu, sitakasirika, tutatafuta njia mapema. Nikacheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia mjomba wake aliwahi kushona sare za jeshi zima kati ya chakula cha mchana na chai ya jioni, tena wanajeshi wakiwa wamezivaa. Akatabasamu. Lakini macho yake hayakutoka kwenye mikono yangu.

Magauni yamekwisha. Nimebana mishono, sikuacha akiba hata ya ukucha. Na masazo ya kitambaa? Masazo ni haki ya fundi, hata sheria inajua. Tangu siku ile ya kukata nilipata pazia zuri jeupe la chumba cha kujaribia nguo.

Ijumaa, 8 Agosti

Balaa.

Mpwa wangu aliingia nyuma ya pazia na gauni lake. Nikasikia mapambano, kama mtu anayemrudisha kuku ndani ya yai. Limekwama mabegani, halipandi, halishuki. Wapambe nao! Mmoja limemng'ang'ania kiunoni. Wa pili hapumui vizuri. Wa tatu mikono imebaki juu kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Nikasema ni unyevunyevu. Satini ikinusa harusi hujikunja kwa aibu. Dada yangu akaniuliza, taratibu, na huyu akiongea taratibu tafuta mlango, kama nimewashonea watu au vidoli. Nikajitetea kwamba pengine mabinti wamekula sana tangu Jumatano.

Hapo mpwa wangu akakaa chini, katikati ya vipande vya vitambaa, gauni limemzunguka shingo. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Si nilikuambia, mjomba? Si nilikuambia ukizidiwa uniambie?"

Nikaanza kuokota pini sakafuni, moja moja. Mimi! Niliyezaliwa nikiongea.

Mke wangu akaokota ile karatasi ya vipimo, akaniuliza nimevifanya nini. Nikamwambia nimetoa tatu, kwa sababu za kitaalamu ambazo yeye hawezi kuzielewa. Akanitazama. Akasema yeye alikuwa keshatoa tatu kabla ya kuniletea. Akasema futi ile haina kichwa tangu mwaka tuliooana, na mtaa mzima unajua. Wapambe wakaitikia kwamba ni kweli, hata wao wanajua.

Nikashika mkasi nifumue. Mimi nikauelekeza huku, mkono ukaenda kule. Mke wangu akaninyang'anya, akanilaza chini ya meza, akavuka barabara mbio. Usingizi ulikuwa unaniburuta, lakini nilimsikia dada akiuliza mbona hili pazia linafanana na gauni.

Nikaona heri nilale.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeamka jua limeshapanda. Duka limefagiwa. Magauni manne yananing'inia kwenye mstari. Overloki na mke wangu waliyapasua ubavuni, wakatia vipande vya lile pazia langu, wakavifunga kwa utepe unaopishana kutoka kwapani hadi kiunoni. Chini wakaongeza lesi. Overloki kwa ajili yetu alikishusha kibao chake, kitu ambacho hajawahi kukifanya.

Inaniuma kuandika haya. Yamependeza.

Mpwa wangu alipotokea ukumbini, watu walisimama. Alinipitia pale mezani, akaniinamia, akaninong'oneza kwamba hajanikasirikia, ila nikamwone daktari tena. Nikamwahidi. Nilitaka kutimiza, kweli kabisa.

Lakini shangazi wa bwana harusi wakaanza kuulizana ni fundi gani huyu, na kipaza sauti kilikuwa karibu na mkono wangu. Ningefanyaje? Nikasimama. Nikawaambia mtindo huu unaitwa Mbavu za Malkia, na kwamba ulikamilika nikiwa usingizini. Hilo halikuwa uongo. Nililala fofofo.

Makofi! Overloki naye alipiga, kwa vidole viwili.

Shangazi wakanipangia foleni. Utaniweza? Ndiyo. Na dada zangu? Ndiyo. Kabla ya mwisho wa mwezi? Ndiyo. Kila "ndiyo", mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nimerudi nyumbani nachechemea.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimejifunza mengi wiki hii. Kwanza, umuhimu wa kibao. Nimetundika changu: HAPA HATUJAI KAMWE. Overloki alikisoma, akatikisa kichwa, akafunga duka lake jua likiwa bado kali, akaenda zake kucheza na wanawe. Namhurumia. Hana kazi.

Pili, afya. Daktari mwenyewe kapita kunijulia hali. Akanipima mapigo ya moyo, nami nikampima mabega. Kabla hajamaliza kuniambia nipunguze kazi, nilikuwa nimeshamkatia koti.

Shangazi wote nao wamefika na vitambaa vyao. Nimewakatia hapohapo wasije wakanikimbia. Namna ya kushona ule utepe unaopishana nitaiokota njiani. Nitampelekea Overloki mkono wa sanamu aniunganishie, halafu nichungulie anavyoshona.

Mke wangu kaninunulia futi mpya. Ya njano, nzima, ina kichwa na mkia. Ile ya zamani kaifungia mlango wa banda la kuku. Amenifundisha mwenyewe, kama mtoto: hii ni kamili, soma namba unayoiona, usiongeze, usipunguze. Nikamwambia, mke wangu, kwani mimi sijui kusoma?

Basi nimewapima shangazi wote kwa futi hiyo mpya, mmoja baada ya mwingine, haraka kama umeme.

Kuna jambo dogo tu, na liishie humuhumu. Nimekumbuka sasa hivi, vitambaa vyote vimeshakatwa.

Kila nilipopima, nilitoa tatu.