Viti Kumi na Viwili vya Baraza la Katuba

Leo sina uso, ndugu zangu. Nimeaibika mbele ya wafanyabiashara wote wa Katuba, na mbele ya mzungu juu yake. Tena kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe!

Mnajua kwamba Chambre de commerce, chama kikuu cha wafanyabiashara cha mjini, imetukubalia sisi wa mtaa wa Katuba tuwe na baraza letu la wafanyabiashara. Mwenye kuingia humo anasaidiwa kupata kibali cha biashara, na mbao ananunua kwa bei ya jumla. Mimi seremala ninayenunua ubao mmoja mmoja kama chumvi, baraza hilo nimelitamani sana. Mara ya kwanza walinikataa: "Karakana yako iko chini ya turubai." (Kweli. Na turubai lenyewe la kuazima.) Aliyeniombea nafasi ya pili ni Papa Tshimanga, fundi cherehani, kiongozi wa baraza. Kwa shukrani nikamwahidi viti kumi na viwili, wakubwa waache kukalia makreti ya bia.

Viti vilikwisha. Lakini mvua ya wiki hii mmeiona wenyewe. Verni, ile rangi ya kung'arisha mbao, niliipaka jana. Leo asubuhi mke wangu, Mama Agnesi, aligusa kiti kimoja, akavuta kidole. Kidole kilikuja polepole.

"Papa Agnesi, verni haiyakauka."

"Itakauka mu njia."

"Mu njia kuko nini? Kuko jua ya nani?"

(Anaposema kweli, mimi hutafuta kazi ya kufanya.)

Nikapakia viti kwenye pusipusi, nikavisukuma hadi salle, ule ukumbi wa baraza. Saa nane wakaingia wanachama kumi na mmoja, wamevaa kama siku ya Pasaka. Papa Tshimanga alikuwa na suti nyeupe, kaishona mwenyewe kwa ajili ya leo, maana mjumbe wa Chambre alikuwa anakuja kutazama kama baraza letu ni baraza kweli, kisha mimi nipigiwe kura. Papa akakaa. Akajinyoosha.

"Donati, sasa tunaikala sawa bantu!"

Nikavimba kwa fahari. Nami nikakaa.

Mjumbe akachelewa. Mvua ikakatika, jua likatoka kwa hasira juu ya bati, tukaanza kutoka jasho. Nikahisi joto chini yangu. Nikajaribu kusogea kidogo. Suruali ikakataa. Nikatupa jicho pembeni: mzee mmoja muuza chumvi alikuwa anajipinda taratibu kushoto, halafu kulia, uso umekauka. Kila mtu alidhani ni tatizo lake peke yake!

Gari likanguruma nje. Mlango ukafunguka.

"Bamonsieur, tusimame!" Papa Tshimanga akaamuru.

Tukasimama. Viti navyo vikasimama.

Wanaume kumi na wawili, tumeinama, kila mmoja na kiti chake nyuma kama konokono na nyumba yake! Halafu nikasikia: kraaa! Suti nyeupe. Papa Tshimanga alikuwa amejinasua, ila kipande cha suruali kilibaki kitini. Mungu wangu! Natamani hata sasa ardhi inimeze.

Mjumbe, mzungu mrefu mwenye miwani, alitutazama. Sisi tukamtazama kutokea chini.

"Nani alitengeneza hii biti?" Papa Tshimanga akauliza, mgongo kaubandika ukutani.

Nikainua mkono. (Kila mtu alijua. Lakini niliinua.)

"Njo mimi, Papa. Munisamee."

Nikaona kibali kinakwenda, mbao zinakwenda, na jina langu linakwenda nyuma yake. Mzungu akakishika kiti cha Papa, akakipindua, akaitikisa miguu yake kwa nguvu zote. Haukucheza hata mmoja.

"Hii kiti iko nguvu sana," akasema kwa Kiswahili chake cha kizungu. "Suruali kupasuka. Kiti hapana."

Akacheka mpaka akavua miwani. Papa Tshimanga hakucheka. Alinitazama, akatazama kile kiti, kisha akageukia wenzake.

"Bamonsieur, bantu kumi na babili banavuta, hata muguu moja ya kiti haiyatoka. Muntu wa kazi ya namna hii, tutamukatala juu ya makosa ya mvua? Mwenye kukubali ainue mukono."

Mikono yote ikapanda. (Kusimama tena hakuna aliyethubutu.)

Tulibanduliwa mmoja mmoja kwa mafuta ya taa. Papa Tshimanga akajifunga kitambaa cha meza kiunoni, akatoa sindano kwenye kola ya koti, akaanza kushona suruali za watu. Ya kwanza ilikuwa yangu. Nilikataa.

"Leta," akasema. "Weye njo mugeni wetu. Mugeni haende kwake na matundu."

Nikaivua, nikampa. Yule mzee nimemharibia suti mbele ya wakubwa, naye ananishonea suruali! Baba yangu mzazi angenichapa kwanza.

Basi mimi sasa ni mwanabaraza. Chekeni, mimi nimezoea. Papa Tshimanga msimcheke. Kitambaa cheupe hakikupatikana pale, kiraka cha suruali yake ni cha kaki. Mkikutana naye barabarani, msalimieni kwa heshima zote, na macho yenu yasishuke chini ya tai.