Habari za Wanzala na Ngoma Iliyofungiwa Uwanjani

Sogeeni karibu, enyi watu wa Kianda na Kisumu Ndogo kule Kibera, warukaji hodari wa mitaro. Sogeeni nanyi wa Kawangware na Riruta Satellite, mabingwa wa kusema hamkuambiwa. Zimeni redio, lazeni simu kifudifudi, msikie jinsi Wanzala wa Kianda, fundi wa plasta, mpigaji wa ngoma ndogo, alivyoingia peke yake katika ngome iliyolishinda jeshi zima, akatoka na alichokiendea. Habari hizi zimepimwa. Pale mashahidi walipotofautiana, imeandikwa ile isiyompendeza yeyote.

Nyundo FC, timu ya mafundi na wachuuzi, ilikuwa na uwanja wake Kawangware, wenye ukuta wa mawe pande tatu na mabati upande wa nne. Siku moja ya Februari, ofisi yenye mamlaka juu ya viwanja ilitundika kibao langoni: UMEFUNGWA KWA UKARABATI. Ikapita miezi kumi na mmoja, na ukarabati wote ulioonekana kwa macho ulikuwa lundo moja la kokoto, na mbuzi aliyelala juu yake. Mechi za nyumbani zikahamishiwa Machakos, na mashabiki wakajifunza kwamba mtu aweza kuwa mwenyeji mahali asipojua choo kiko wapi.

Wote waliumia, lakini jeraha la Wanzala lilikuwa na umbo na uzito. Mashabiki wa Nyundo huingia uwanjani kwa isukuti, na isukuti ni ngoma tatu: mama, baba na mtoto. Mtoto ndiyo ndogo kuliko zote, na ndiyo inayoanza. Ikilia, mama na baba hawana ruhusa ya kunyamaza, na isipolia, hawana ruhusa ya kusema. Mtoto huyo alikuwa wa Wanzala. Alichongwa na mjomba wa Wanzala kule Shinyalu, akawambwa ngozi ya kenge, na mjomba akafa mwaka uleule. Siku ya mechi ya mwisho ilinyesha mvua, na kwa kuwa ngozi ya kenge haivumilii maji, Wanzala aliihifadhi ngoma katika stoo ya uwanja ili aichukue Jumatatu. Jumatatu alikikuta kibao.

Tangu hapo alisimama kati ya wapigaji wenzake wawili akiwa mikono mitupu, akijipiga paja. Mama na baba zilibebwa hadi Machakos na kurudi bila kupigwa, maana desturi ni desturi. Nyundo ilipoteza mechi saba kati ya kumi. Kocha alilaumu mabeki. Wanzala alikuwa na maoni mengine, ila hakuulizwa.

Ndipo ikaitishwa baraza kuu, Jumapili baada ya kanisa, saa nane, katika kibanda cha chai kinachotazamana na lango la uwanja. Kutoka benchi la mwisho hadi langoni ni hatua arobaini na mbili. Walihudhuria mashabiki thelathini na mmoja, na ngoma mbili, mama na baba, pamoja na mtu mmoja aliyefuata chai akapiga kura mara mbili. Maombi yalichukua dakika kumi na moja. Kujitambulisha kulichukua nusu saa, ingawa wote walijuana kwa majina, kwa madeni na kwa ndoa.

Alisimama kwanza Murunga, mwenyekiti, seremala wa Kisumu Ndogo, mwenye kifua kama kabati.

"Makamanda wa Nyundo!" akanguruma, na vikombe vikatetemeka. "Tumenyang'anywa nyumba yetu mchana, tukiangalia! Je, tutakaa kimya? Wazee wetu walikaa kimya? Hapana! Mimi, mbele ya Mungu na mbele yenu, napendekeza barua. Barua ya saba!"

"Ya kwanza walijibu nini, mwenyekiti?" akauliza Kalekye, mshonaji wa Riruta Satellite, kiongozi wa tawi la Kawangware, ambaye hakuwahi kusikia swali la adabu akaliacha bila makali.

"Walijibu kwamba imepokelewa."

"Na ya pili?"

"Kwamba ya kwanza bado imepokelewa."

Hapo akaruka Austin, mwendesha boda boda, aliye mwepesi wa hasira na mzito wa kuketi. "Wazee, tuwachane na makaratasi! Ni maandamano. Tukate matawi, tufunge Naivasha Road kesho asubuhi, magari yasisonge hata inchi!"

"Wewe utabebea abiria wapi?" Kalekye akauliza.

Austin akafikiri. Ilionekana ni mara ya kwanza swali hilo kumfikia. "Basi tufunge upande mmoja."

"Upande gani?"

"Ule wa magari makubwa."

Vicheko vilipotulia, Kalekye akasimama mwenyewe, tepi ya kupimia ikining'inia shingoni kama nishani. "Mimi nasema tususie. Asiende mtu Machakos. Viti vikae vitupu mpaka wajue hasira yetu."

Ilikuwa hoja nzuri. Bahati mbaya Wanzala alikuwa amehesabu. Katika mechi iliyopita mashabiki wa Nyundo kule Machakos walikuwa tisa, wawili kati yao wapigaji wa ngoma zisizopigwa, na yeye mwenyewe wa tatu. Ususiaji ulikuwa umeendelea karibu mwaka mzima, na hakuna aliyeuona. Alitaka kulisema hilo, lakini Austin alikuwa ameshawahi.

"Kalekye, wewe unaongea tu. Si nyinyi Wakamba mmeletewa timu nyumbani?"

"Kwetu ni Kitui, Austin. Machakos naijua kwa dirisha la basi."

"Ni kulekule."

"Basi na wewe kwenu ni Kampala."

Watu wa Kawangware wakapiga meza; wa Kibera wakapiga meza kwa sauti zaidi; chai ikamwagika kwa pande zote mbili, na hiyo ndiyo damu pekee iliyomwagika siku ile. Murunga alisubiri kelele zipungue, kisha akatoa silaha aliyokuwa ameificha. Wazike uwanja. Yeye angechonga jeneza kwa mkono wake, waweke ndani wavu wa goli, walibebe mpaka mlangoni pa ofisi, wanawake wakilia, na wapiga picha wakija.

Kibanda kililipuka kwa furaha. Kwa nusu saa nzima Wanzala alisikiliza watu wazima wakiunda kamati ya jeneza, kamati ya vilio, na kamati ya kuangalia kamati hizo mbili. Swali la mahali pa kuzikia likawagawanya, maana marehemu huzikwa kwao, na kwao uwanja ni uwanjani, na uwanjani kumefungwa. Mtu mmoja akasema kwamba stoo za uwanja zimejaa panya, hata kuzika kuna hatari. Wanzala akaweka kikombe chini. Alikuwa ameota ndoto nyingi mbaya, lakini ya panya alikuwa bado.

"Na hilo jeneza litasindikizwa na nini?" Kalekye akauliza. "Ngoma mbili zisizolia?"

Vichwa thelathini viligeuka kuitazama mikono ya Wanzala.

"Basi tudai ngoma kwanza," akasema Murunga. "Kwa maandamano."

"Maandamano bila ngoma?"

Murunga akapangusa jasho. Alikuwa amezunguka mlima mzima, akajikuta alipoanzia. "Kwa barua," akasema.

Hapo Wanzala akasimama. Hakuinua mkono wala sauti. "Mwenyekiti, naomba kutoka kidogo."

"Kwa haja?"

"Kidogo tu."

Ikaandikwa katika kumbukumbu za mkutano kwamba ameruhusiwa.

Imbeni sasa, enyi mnaojua kuimba, zile hatua arobaini na mbili! Alikunja suruali kama shujaa afungaye mkanda wa vita. Alilipita dimbwi la maji meusi lililokwisha kumeza ndara za watu watatu. Alimkwepa mvuta mkokoteni wa mitungi ya maji, aliyemtukana mjomba wake bila kujua uchungu aliougusa. Akafika langoni, ambako aliketi Morris, mlinzi wa ngome, mwenye rungu, koti la jeshi lisilojulikana, na redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Niaje, soja."

"Poa, fundi. Mkutano umeisha?"

"Bado. Wako kwa jeneza."

"Nimesikia. Mwenyekiti ana sauti."

Wanzala akavuta pumzi. "Morris, wewe uliyepewa lango hili ulilinde kwa jua na mvua, sikuja kwa vita. Nimekuja kwa ngoma. Ukiniua, niue. Nikirudi mikono mitupu tena, ni afadhali nisirudi."

"Ile ndogo? Ya kenge?"

"Hiyo."

Morris akapunguza redio. "Sasa mbona hamkuwahi kuuliza?"

"Tuliandika. Barua sita."

"Kwa nani?"

"Kwa ofisi."

"Ofisi iko mjini. Ufunguo uko hapa." Akapapasa mfuko wa koti, ufunguo ukajibu. "Mimi niliambiwa mtu asicheze mpira. Mambo ya ngoma hawakuniambia. Hiyo kitu naianika kila Alhamisi, panya wasiile. Lakini utaandika kitabu."

Miezi kumi na mmoja, barua sita, na mwenye ufunguo akinywa chai ya kibanda kilekile kila asubuhi, benchi lilelile la Murunga.

Kitabu kililetwa, chenye safu zake: jina, namba ya kitambulisho, saa ya kuingia, sababu, saa ya kutoka. Wanzala akapekua. Kokoto ziliingia mara moja. Mwenye mbuzi aliingia mara nyingi. Akaandika jina lake, na saa kumi na dakika tano, na kwenye sababu kalamu ikasita, kisha akaandika: *Maandamano.*

Morris akasoma. "Ya watu wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja hana shida. Wakifika kumi napiga simu."

Akaingia. Nyasi zilikuwa zimekua zikapendeza kuliko siku yoyote zilipokanyagwa. Ndani ya stoo mtoto alikuwa mkavu, mzima, na kamba yake ya bega imefungwa upya kwa fundo asilolijua. Wanzala akatembea mpaka katikati ya uwanja, mbuzi akimtazama, akapiga.

Ng'ambo ya barabara, Austin alikuwa ameomba nafasi ya kurekebisha utaratibu. Hakuipata. Mtoto alikuwa ameita, na mama na baba walipaswa kujibu. Wakajibu kwa nguvu ya miezi kumi na mmoja, na baraza zima likamiminika barabarani likiimba. Walianza pamoja, jambo ambalo hawakuwa wameliweza tangu Februari. Barabara ikafungwa pande zote mbili kwa dakika tisa. Pikipiki ya kwanza kukwama ilikuwa ya Austin.

Wanzala akatoka na ngoma begani. Morris akamsogezea kitabu.

"Saa ya kutoka."

"Nitaandika nikitoka."

"Si umetoka? Umesimama nje."

"Sijatoka, Morris."

Mlinzi akamtazama, akaitazama ile safu tupu, akautazama umati uliokuwa ukicheza kwenye dimbwi. Akafunga kitabu, akaongeza redio.

Murunga akapanda juu ya benchi akautangazia ulimwengu kwamba kamati imeshinda, na barua ya saba ikapitishwa bila kupingwa, ya kumshukuru mwenyekiti. Uwanja haujafunguliwa. Kokoto ziko palepale. Mechi ijayo ya nyumbani ni Machakos.

Lakini vizazi vijavyo visije vikasema kwamba Nyundo haina kwao. Nendeni langoni, ombeni kitabu, fungueni ukurasa wa Jumapili ile. Kwa mujibu wa kumbukumbu pekee ambazo ofisi inazitambua, Wanzala wa Kianda aliingia uwanjani saa kumi na dakika tano kwa ajili ya maandamano, na mpaka leo yumo ndani.