Chumba cha Kitanda Kimoja

Jumatatu, 5 Machi 1951
Nimelazwa! Matubwitubwi, kasema daktari. Mashavu yamevimba hadi shingo haionekani. Ugonjwa wa watoto, na mimi ni karani wa stesheni, kiongozi wa kwaya ya Wamethodisti! Aibu tupu. Lakini Mungu hamtupi mja wake. Wagonjwa wengine wanalala ukumbini, vitanda vimebanana. Mimi nimepewa chumba peke yangu. Mlango, dirisha, kitanda kimoja. Kama Mzungu! Sista Mathilde anasema ni kwa ajili ya wale wa ukumbini, nisiwaambukize. Wageni marufuku. Nimeitikia kwa adabu. Najua mtu wa heshima anavyotunzwa.

Jumanne, 6 Machi
Mke wangu Phébé kapitisha chakula dirishani. Nimemwomba aite kwaya ije kuona chumba. Hasa Manassé, mwalimu, anayeitamani nafasi yangu ya kuongoza tangu Krismasi. Phébé kakataa kabisa. Eti, "Weye iko mugonjwa, haiko fête, haiko sikukuu! Bantu babakie kwabo."

Basi nimetumia akili. Nimemtuma mfagiaji aeneze neno katika kambi yetu ya reli: eti mimi, Philémon, nimeanza kujiuliza nani ananitakia mabaya. Kwetu hapa, hata tumebatizwa, uliyegombana naye asipokuja kukuona kitandani, watu hunong'ona kwamba ndiye aliyekuroga. Manassé atakuja mbio.

Jumatano, 7 Machi
Wamekuja! Sista alikuwa anakula. Kwaya nzima imeingia kwa mlango wa nyuma, Manassé mbele, jasho linamtoka. Wameleta chungu cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na kikombe kimoja. Nimekunywa, nikampa yeye. Akanywa yote, watu waone hana neno nami. Wengine wakafuata; nani angethubutu kukataa? Kisha tukafanya mazoezi ya wimbo wa Pasaka, dirisha limefungwa, vinywa wazi. Mgeni mkuu wa kanisa atatoka Elisabethville kutusikiliza! Manassé kasifu chumba, bila kupenda. Nimefurahi sana.

Alhamisi, 22 Machi
Nilikwisha kupona na kurudi kazini. Leo mazoezi ya mwisho. Wamekuja wawili tu, na wote wamevimba; Valérie, sauti yetu ya kwanza, ana mashavu kama ameficha viazi. Nimewarudisha nyumbani. Wengine wako hospitali.

Nimekwenda. Chumba kimoja hakiwatoshi. Wanaume wa kwaya wamepewa ukumbi mzima, na wenye ukumbi wamehamishiwa barazani, hata mzee Ngoie, aliyevunjika mguu relini. Mvua imemlowesha blanketi. Habari za munkoyo anazo. Hakupandisha sauti. "Ule mulango balifunga njo sababu ya siye, mwana." Nilitengeneza blanketi lake, nikalitengeneza vibaya, akalitengeneza mwenyewe. Naona haya. Naona haya sana.

Jumapili, 25 Machi
Pasaka. Nimeimba peke yangu. Besi bila sauti nyingine ni mtu anayenung'unika tu. Mgeni wa Elisabethville aliangalia dari mpaka mwisho. Phébé alijifunika uso kwa kitambaa cha kichwa. Watoto walicheka, na wazazi hawakuwakataza! Ardhi ingepasuka ningeingia na viatu vyangu. Mwaka mzima tumeungojea wimbo huu, na mimi nimeuua kwa kikombe. Nimeapa mbele ya Mungu: kiburi basi. Kesho naenda kumwomba Manassé msamaha, na kwaya nitamwachia.

Jumatatu, 26 Machi
Nimekwenda kweli. Maneno nilikuwa nimeyakariri njiani, machozi yalikuwa karibu. Manassé hayumo ukumbini. Sista kasema homa yake imepanda kuliko wote, amelazwa peke yake apumzike.

Nikachungulia dirishani. Chumba changu! Tena wametia pazia. La maua! Mimi nililala humo siku zote zile na jua usoni. Nani alinipa pazia? Maneno ya msamaha yote yalinitoka kichwani. Nikamwuliza Sista, kwa upole kabisa, ni ugonjwa gani mwingine unaompa mtu chumba. Kaniambia nitoke. Mfagiaji ndiye aliyenijibu uani: surua.

Nasikia watoto wa fundi Gamaliel wana surua. Maskini. Jioni nitapita kuwapa pole, nikae nao kitambo.