Uso Wangu Ndani ya Injini

Jumatatu, tarehe 5 Agosti
Asubuhi nzuri! Mama Consolée, mama wa mpenzi wangu Louise, amekubali nimpeleke Sange Jumapili kwenye ubatizo wa mjukuu wa dada yake. Nikimfikisha vizuri, ataniruhusu nije na wazee wangu kujitambulisha kwao. Ndoa yangu yote imekaa juu ya kiti cha nyuma cha pikipiki.

Sharti ni moja. Amesema hapandi kitu kinachopiga ta-ta-ta kama mtu anayetwanga majani ya sombe. Kelele isipoisha, atakwenda na Pitchou. Pitchou! Motari mwenzangu, wa kubeba abiria kama mimi. Pikipiki mpya, miwani mipya, akili ileile.

Jumanne, tarehe 6
Nimepita kwa fundi Bruno, nikajifanya namsalimia tu. Akasikiliza injini. Akasema ni culbuteur, kile kimkono cha chuma kinachosukuma vali. Kinacheza kushoto na kulia juu ya mhimili wake kwa sababu rondelle, kile kipete bapa cha pembeni, imelika. Iwekwe nyingine ya chuma, yenye kipimo kamili. Ikizidi unene, kimkono kinakwama. Ikipungua, kelele inabaki. Akataka nimwachie pikipiki. Nimekataa. Bruno ni fundi kweli, lakini hana siri. Pitchou angejua kabla ya saa sita. Nitaitengeneza nyumbani, mwenyewe.

Jumatano, tarehe 7
Nimefungua injini juu ya mkeka wa mama. Mafuta yamemwagika. Mama ameuliza kama mkeka nao ulikuwa unapiga kelele. Magoti yananiuma, lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame. Na nimekiona! Kimkono kinateleza huku na huku, nafasi ya unene wa ukucha tu.

Nikakata rondelle kwenye kopo la tomate. Ikajikunja. Nikakata nyingine kwenye kalenda ya parokia, mwezi wa Januari, ambao hautumiki tena. Ikanywa mafuta ikawa uji.

Alhamisi, tarehe 8
Pitchou kapita hapa, akapunguza mwendo makusudi. Kauliza kama pikipiki naiuza nzima au kwa mafungu. Moyoni nilimjibu sana.

Ijumaa, tarehe 9
Nimepata! Nilikuwa natafuta kalamu mfukoni, nikashika carte d'électeur yangu, kadi ya plastiki ya kupigia kura. Ngumu, bapa, nyembamba. Unene wenyewe! Hapa kila mtu anaitembeza kama kitambulisho, lakini nani amewahi kuipa kazi? Pembe zake zimepasuka kwa kukaliwa miaka yote hii. Palipobaki pazima ni penye picha. Basi, nikakata hapo.

Nikaweka, nikafunga, nikapiga teke. Kimya! Injini inanong'ona! Nimelia kidogo. Nimemwambia mama ni moshi.

Jumapili, tarehe 11
Tumeondoka Uvira saa moja. Mama Consolée kavaa liputa jipya la kitenge, kakaa upande. Hadi Kiliba alikuwa anaimba nyimbo za kanisa, na mimi namuitikia. Nilikuwa na furaha hata mavumbi yalinipendeza.

Tulipopita Runingu: ta. Kisha ta-ta. Kisha tatatatata! Plastiki na mafuta ya moto. Hilo sikulifikiria.

Mbele kidogo, kizuizi. Askari kaomba kadi. Nikaitoa. Jina lipo, tarehe ya kuzaliwa ipo, katikati tundu. Akaniangalia kupitia lile tundu.

"Weye, sura yako iko wapi?"

Nikasema ukweli, kwamba iko ndani ya injini. Akaniambia nikae juu ya jiwe. Nimekaa nusu saa nzima. Kichwani nilimwona Pitchou wazi kabisa, kavaa suti, kamshika Louise mkono. Niliogopa kweli.

Ndipo Mama Consolée akashuka, akapangusa liputa lake, akamsogelea askari.

"Minye namujua. Ni mukwe yangu. Iko mujinga, lakini ni wetu."

Askari akacheka mpaka akajifuta macho. Tukaachiliwa. Mukwe! Kasema mukwe, mbele ya serikali! Tumeingia Sange kwa kelele kubwa, mtoto keshabatizwa, na sijawahi kuwa na Jumapili nzuri kama hii.

Jumanne, tarehe 13
Bruno kaweka rondelle ya chuma kwa robo saa. Injini kimya. Uvira nzima inajua habari ya kadi yangu. Sijali! Wazee wangu watapokelewa Jumamosi. Mama Consolée kaniapisha nisifungue tena kitu nisichokijua. Nimeapa.

Jioni nimewapelekea ndizi. Louise alikuwa anashona nguo yake ya Jumamosi kwa cherehani ya mama yake. Ilikuwa inalia kidogo. Kidogo sana, lakini sikio langu sasa ni la fundi. Nikaomba niitazame. Wote wawili wakakataa, kwa upole. Basi nikangoja waende kununua uzi.

Nimeibeba hadi nyumbani. Iko hapa juu ya mkeka, imefunguka vizuri kabisa. Springi moja imeruka, sijui imetua wapi. Lakini Jumamosi bado iko mbali.