Nani Anawaua Samaki Wangu?

Jumatatu, tarehe 4
Shangazi amekufa. Nimemkuta asubuhi amelala ubavu juu ya mchanga wa tangi, ile rangi yake ya manjano imefifia kama shuka kuukuu. Wiki iliyopita alitangulia Waziri. Sasa kabaki Bwana Harusi peke yake, yule wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe. Na mjukuu wangu anakuja Jumamosi! Mwanangu kasema kwenye simu kwamba mtoto ana hamu kweli ya kuwaona samaki wa bahari wa babu. Babu mwenyewe hakutajwa. Si neno. Huwezi kuwaona samaki bila kumpita babu.

Hapa kuna mkono wa mtu. Samaki hawafi hivihivi.

Jumanne, tarehe 5
Nimemjua! Ni jirani wa mlango wa pili, yule mjane fundi cherehani. Kila siku anagonga kuomba kiberiti. Kila siku! Nikitoka jikoni nacho, namkuta kainama mbele ya tangi anamsemesha Bwana Harusi. Leo nimemwambia kiberiti kimeisha. Akasema haidhuru, akakaa hata hivyo, akaniuliza nimekula nini. Maswali ya kipelelezi hayo. Nikamjibu nimekula nikashiba. Uongo mtupu. Nilikula mkate mkavu, tena nimesimama.

Jumatano, tarehe 6
Mtego! Nimenyunyiza unga sakafuni mbele ya tangi, nikaacha mlango wazi, nikaenda kujificha ngazini. Mguu ukafa ganzi. Mwenye duka akapita, akaniuliza kama nimefungiwa nje. Nikajitia hamnazo.

Niliporudi, nyayo hizo hapo! Ndala, kisigino cha kulia kimelika. Damu ikanichemka. Nikazifuata kimyakimya hadi jikoni, hadi kwenye ndoo ya maji ya chumvi, hadi miguuni kwangu mwenyewe. Nilisahau kwamba kabla ya kutoka nilipita kuongeza maji. Feni ninayowawashia samaki inayakausha, nami kila siku najaza ya chumvi. Samaki ni wa bahari, nimnyweshe maji ya bomba kwa kosa gani?

Unga umekwisha wote.

Alhamisi, tarehe 7
Bwana Harusi kajibanza pembeni, anahema juujuu. Roho yangu ikawa juu. Tangi hili nililiweka pale alipokuwa akikaa marehemu mke wangu, ili jicho lisione pengo. Likibaki maji matupu, nitaangalia nini jioni?

Nikaenda kwa mjane. Nikamwambia waziwazi aje aseme alichowatilia samaki wangu. Nilitegemea kilio. Akafuta mikono, akaja, akachovya kidole, akaonja, akatema kwenye leso. Akauliza nani kaweka chumvi yote hii, hata bahari yenyewe haijafika huko! Akanionyesha ukingo wa kioo. Chumvi imeganda nyeupe pande zote. Kumbe yanayokauka ni maji tu, chumvi haiendi popote, na mimi kila siku naiongezea nyingine. Akasema niweke maji safi yasiyo na chumvi, kidogo kidogo, maana nikimmwagia kwa pupa nitamuua huyu naye.

Nikamuuliza kayajulia wapi. Marehemu mumewe alikuwa na tangi kama hili. Ndiyo maana anapenda kuwasemesha.

Tukachota ya chumvi na kutia safi, kikombe kimoja kimoja, hadi jioni. Aliongea sana. Nadhani na mimi pia.

Jumamosi, tarehe 9
Bwana Harusi anaogelea! Nimefagia, nimepiga pasi shati, nimeketi tayari. Mwanangu akapiga simu. Hawaji. Mtoto kapata paka, hataki kumwacha hata dakika. Nikasema si neno, paka ni mnyama mzuri.

Nikabaki nimeketi na shati langu la pasi. Imeniuma.

Mjane akagonga. Kiberiti. Nikampa, akakaa, tukamtazama Bwana Harusi mpaka nikasahau kununa. Alipoondoka alikiacha mezani, nikampelekea. Looo! Jiko lake ni la gesi, unabonyeza tu linawaka! Na dirishani viberiti vyangu vyote vimepangwa safu, havijapungua hata njiti moja. Akaona kwamba nimeviona. Akatazama chini.

Jumapili, tarehe 10
Nimewaza sana. Mtu mwenye jiko la kubonyeza anataka kiberiti cha nini? Jibu ni moja tu: anamtaka Bwana Harusi. Mimi si mtoto mdogo. Nimenunua kufuli. Nimenunua na viberiti, paketi nzima, asije akakosa kisingizio nikashindwa kumnasa.

Maji yamepungua tena. Nimeongeza ya chumvi, kikombe tu, kwa sababu maneno ya mshukiwa hayaaminiki yote. Samaki akianza kuhema juujuu, najua mlango wa kugonga.